Chokaa ya Makongoro

Likawage, Jumanne, baada ya Isha

Supu ile inaninyima usingizi. Binti yangu Zainabu amejifungua juzi, na meno yamemlegea tangu akiwa na mimba. Mama yake amemchemshia makongoro ya mbuzi tangu alfajiri, akakamulia na ndimu. Ni supu nzuri, nzito, ya kumrudishia mzazi nguvu. Lakini mifupa imetoka migumu vilevile ilivyoingia. Ile chokaa inayojenga meno, kama nilivyosoma, nyingi imebaki humo humo.

Nikamwambia mke wangu ampe dagaa wa Somanga, wanaotafunwa pamoja na mifupa yao.

"Dagaa kwa mzazi!" akafoka. "Serikali imetuhamisha kijiji, bwana, haijatuhamisha adabu. Kule kwetu angechinjiwa kuku."

Kule kwetu, hata mimi ningemchinjia; hapa hatuna kuku hata mmoja.

Zainabu akaita kutoka ndani: "Mama, watwange uwatie kwenye supu. Nani atawaona?"

Mke wangu akanuna, kisha nikasikia kinu.

"Mtu akiuliza, ni makongoro matupu," akanionya.

Zainabu amelimaliza bakuli zima. Bado namsikia akigeuka-geuka kitandani, na sijui kama tumechelewa kuyaokoa meno yake.