Si Umeme, Nimesema!

Jumapili, 6 Agosti
Kompyuta imezimika tena. Kioo cheusi, binti yangu Tabarak mikono hewani, wenzake wa timu wanamwita kwenye simu. Mara ya tatu wiki hii, na daima katikati ya mchezo! Akiandika kazi za chuo haizimiki hata siku nzima.

Mama Tabarak kanirushia neno kutoka jikoni: "Fundi, umeme wako huo!" Umeme wangu! Miaka ishirini na nane kwenye kituo cha umeme, nimestaafu, na bado taa ikizimika Basra mwenye kosa ni mimi. Mbona feni ilikuwa inazunguka? Televisheni je? Si umeme, nimesema.

Kisha nikamsikia kwenye simu nahodha wao, Shahad, binti wa Mosul. "Dada yangu, mchujo ni Ijumaa saa tisa. Usipoitengeneza kabla ya hapo namweka mwingine. Nakupenda, lakini nifanyeje?"

Tabarak kaenda kuosha vyombo. Vilikuwa vimeshaoshwa.

Jumatatu, 7 Agosti
Nimeifungua. Subhanallah!

Vumbi kwanza, la dhoruba ya Juni, nikalitoa kwa brashi ya kunyolea. Kisha nikaona. Feni tatu. Mirija ya shaba inayobeba joto. Kila kitu nilichokihudumia ujanani kwa ngazi na kofia ngumu kimo humu, ndani ya sanduku la kubeba kwapani. Nilikodoa macho mpaka chai ikapoa. Nani alikaa akawaza haya?

Nimeifunga, nimeichomeka pale pale, kwenye mtambo wangu. Nilimuundia Tabarak akiwa sekondari: koili, betri ya gari, swichi. Umeme wa serikali ukikatika, mtambo unaishikilia kompyuta mpaka tuhamie jenereta ya mtaa. Mtaa mzima hakuna mwingine mwenye kitu hicho.

Jumanne, 8 Agosti
Dakika kumi na moja. Imezimika.

Jumatano, 9 Agosti
Nimekaa nyuma yake na kipimajoto. Nia ilikuwa kupima joto tu. Nikajikuta namtazama yeye.

Sikujua! Miaka yote nilidhani ni kelele na risasi. Binti yangu anaongoza watu wanne asiowaona, nahodha wao akiwemo, sauti haipandi. "Kulia. Subirini. Bado. Sasa!" Na kweli, adui anatokea pale pale aliposema. Mimi nimekuwa mkuu wa zamu, nimepiga makelele maisha yangu yote, sijawahi kutii wala kutiiwa hivyo. Mwili ulinisisimka.

Ikazimika. Joto lilikuwa la kawaida kabisa. Basi si joto. Ni nini?

Alhamisi, 10 Agosti
Mama Tabarak kanimwagia chai, kakaa. Nikajua kuna jambo.

"Jumatatu ulipokuwa msikitini aliichomeka ukutani. Kacheza kwa saa mbili, haikuzimika. Halafu kairudisha kwenye mtambo wako."

"Kwa nini hakusema?"

"Kasema Baba atavunjika moyo. Eti bora aikose timu."

Nikatoka nje kwenye jua, digrii hamsini. Nikarudi, nikapima. Kweli. Tangu anunue kadi mpya ya picha, mchezo ukikolea kompyuta inavuta umeme kuliko uwezo wa mtambo wangu. Mtambo unajikata, unarudi kabla hujageuza shingo. Taa na televisheni ziko ukutani, zitazimikaje? Mimi! Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa namzima mwanangu.

Na ana miaka kumi na tisa. Moyo wa namna hiyo kautoa wapi? Si kwangu.

Ukutani nako si salama. Umeme wa serikali ukikatika mchana, naye amekatika. Iko njia moja tu: jenereta ya mtaa iwake mechi nzima, umeme wa serikali uwepo usiwepo. Yaani nikamwombe Baba Karrar, mwenye jenereta. Miaka tisa hatusalimiani. Nilimwita mwizi wa ampea, kwamba anatuuzia umeme asiotupa, mbele ya watu, msibani.

Ijumaa, 11 Agosti
Nimekwenda baada ya sala. Alikuwa amelala chini ya jenereta, miguu tu nje.

"Mhandisi mzima kaja kwa mwizi?"

"Nimekuja."

Nikamweleza. Akajifuta oili polepole, makusudi. "Nitaiwasha. Ila niambie kwa kinywa chako, tatizo lilikuwa nini?"

"Umeme," nikasema. "Wangu."

Nilitegemea acheke. Kaniandalia kiti.

Saa tisa na dakika ishirini. Nimegeuza swichi ya nyumba upande wa jenereta, inanguruma, na umeme wa serikali upo! Majirani wametoka milangoni, wanauliza Baba Karrar kapatwa na nini. Naandika nisije nikamsumbua Tabarak.

Mtambo niliuchomoa mbele ya Tabarak. Akaniangalia. "Baba, una uhakika?" Nikaitikia kwa kichwa.

Saa tisa na nusu. Umeme wa serikali umekatika. Majirani wamepiga kelele. Hapa ndani hakuna kilichotikisika! Tabarak hata hajajua.

Wawili wa kwetu wametolewa. Sasa watatu. Mama Tabarak kasimama mlangoni, unga mpaka viwiko, anasoma dua. Shahad naye ametoka. "Tabarak, umebaki peke yako. Wao wawili."

Pumzi yake siisikii. Vidole vinakwenda.

Bila kugeuka kaniambia: "Baba, weka kalamu chini. Njoo ukae karibu na mimi."