Binamu Alipoifuta Sura Yangu

Mama Unaisi mpendwa,

Sauti isiyonitoka masikioni ni ya kitufe cha kufuta, tak-tak-tak, binamu yangu Losalini akikibonyeza sebuleni kwake hapa Suva huku mimi nikimenya mihogo jikoni, nikidhani anasahihisha nukta na mikato, kumbe anaiondoa sura nzima ya tasnifu yangu na kuandika yake.

Nisaidie, maana kosa nililianza mimi: Losalini ni mhariri wa gazeti, nikamwendea kwa kerekere, lile ombi letu la kindugu, na unajua ndugu akiomba kwa kerekere hanyimwi wala hapewi nusu, nikasema tu "nitengenezee," sikusema mwisho wapi, naye akanitengenezea kweli. Bibi yangu wa kisiwani Kadavu, msuka mikeka, aliniambia, "Vidole vyangu vinajua hesabu nisiyoijua mimi," na maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike tasnifu hii, lakini mahali pake Losalini ameweka "ujuzi wa kimapokeo uliohifadhiwa mwilini." Nilipolalamika akasema, "We binamu, umeniletea matambara nimekushonea gauni, sasa unalilia matambara?" Nikacheka, nikaipeleka sura hivyohivyo chuoni, na sasa mwalimu wangu, Dakta Chandra, anaisifu sentensi hiyohiyo na Ijumaa anataka niisome sura mbele ya idara nzima. Nikisema ukweli naweza kuangushwa, na Losalini ataaibika. Nikinyamaza, nitasimama nisifiwe kwa sauti isiyo yangu. Nifanye nini?

Mereoni

*

Mereoni mwanangu,

Pole, ila machozi weka kando. Binamu yako ulimpa jembe bila kumwonyesha mpaka wa shamba, akalima lote. Kosa lako kubwa ni kuipeleka kazi hiyo ukijua. Kuomba msaada si dhambi; hata majibu yangu haya ya gazetini husomwa na mwenzangu kabla hayajachapwa, lakini yeye huzungushia duara penye giza na kuniuliza, "Hapa unasema nini?" Kuandika naandika mimi.

Kabla ya Ijumaa nenda kwa Dakta Chandra, rasimu yako ya kwanza mkononi, umwambie nani aliandika nini, na umuulize idara inaruhusu msaada wa kiasi gani. Kisha rudi kwa Losalini na kerekere nyingine, hii iwe na mpaka: penseli, pambizoni tu, maswali tu. Kwenye shukrani mtaje, useme na alichofanya. Na bibi yako mrudishe ndani haraka. Umemfungia nje ya nyumba yake mwenyewe!

*

Jibu hilo nilimpelekea Mereoni kabla halijachapwa. Naye ameniandikia hivi:

Mama Unaisi, nilikwenda Jumatano. Dakta Chandra alisema, "Ungekuja baada ya Ijumaa tungeongea mengine," akaahirisha usomaji, akanirudishia sura na kunipa wiki mbili niiandike upya. Losalini alinuna mpaka chai ikapoa, kisha akachukua penseli: "Haya bosi, kupumua naruhusiwa?" Ameniachia maswali arobaini na moja pambizoni, na sentensi yake hakuna hata moja. Nimeyajibu yote mwenyewe. Jana niliiwasilisha sura, na inaanza na vidole vya bibi.