Fundi Obiora, Uliyebaki Mahameni

Mwaka umezunguka, Baba, tangu homa ikunyamazishe pale nyumbani Mpapura. Tungependa kukuambia ulale salama. Hatuthubutu.

Ulitoka Uigboni, upande wa pili wa Afrika, ukaja Mtwara kutengeneza winchi za bandari, ukamwoa mama yetu Felismina. Ulikuwa mpole, ila hodari wa kubisha. Mgeni hakuanza maneno kwako kabla hujampasulia kokwa ya kola, tunda la kukaribishia wageni kwenu. Na kwa kuwa huku haioti, ulipasua korosho, ukaiombea kwa Kiigbo. "Kola haisikii lugha ya kigeni," ulisema, nasi tukacheka.

Ulipozidiwa ulimshika Mama mkono. "Kwetu mwenye mji hazikwi nje ya mji wake. Nizike uani, niwasikie mkigombana." Akakuzika uani.

Mvua hazijaisha, ikaja amri ya kuhamia kijiji cha ujamaa. Mwenyekiti wa kijiji akaja na lori, bati la nyumba yetu likashushwa. Mama akasimama mlangoni.

"Mwenyekiti, mume wangu yuko hapa uani."

"Wafu hawahami, Mama Kasiani. Panda lori."

"Basi mwacheni na mkewe!"

Wakampandisha pamoja na mikeka yake.

Ulitufundisha kwamba kwenu mtu huzikwa mara mbili: kwanza kwa udongo, kisha kwa ngoma na karamu, siku nne nzima, ndipo wazee wake wampokee. Asipofanyiwa, roho yake hutangatanga. Mama aliomba ruhusa ya kurudi kukuzika mara ya pili hadi akachosha watu. Jibu ni lile lile: shamba la pamoja kwanza, mambo ya kikabila yangoje.

Jumatatu iliyopita hakuomba tena. Alipita shamba la pamoja bila kugeuza shingo, akashika njia ya mahameni, kwenye nyumba yetu isiyo na paa. Sisi nyuma yake, na mjomba Jasinto na ngoma. Magugu yalikuwa yamekumeza. Tukiwa bado tunapalilia, Mwenyekiti akafika na baiskeli.

"Mama, kazi inakungoja."

"Kazi ndiyo hii."

Akalitazama kaburi, akavua kofia. "Haya. Saa moja tu."

Saa moja, Baba, badala ya siku nne! Jasinto alipiga ngoma kama mtu anayefukuzwa. Mama alicheza huku akilia kwa hasira. Usidhani tumemaliza. Mama anasema atarudi, wakubali wasikubali.

Wanaokukumbuka ni mkeo Felismina, wanao Kasiani na Lucinda, shemeji yako Jasinto, na ndugu zako wa Uigboni, ambao hatujui kama habari imewafikia.

Hutasahaulika kwetu, Baba, popote watakapotuhamishia.