Uthibitisho wa Pili

Kwako dada yangu,

Shikamoo. Naandika nikiamini kwamba kile kifua kimekuachia, na kwamba shemeji na watoto hawajambo, hasa yule mwenye mdomo aliyeniambia nimezeeka kumpita baba yake. Huku sisi ni wazima. Mama anaendelea vizuri kuliko tulivyotegemea. Anatembea mwenyewe mpaka barazani, anakula, anagombana na daktari juu ya chumvi, na juzi alimwambia yule dada wa mazoezi kwamba anahesabu haraka kama mtu aliyeacha chungu jikoni. Kwa hiyo ukiona bahasha usishtuke, hakuna msiba. Najua neno hilo halina uzito likitoka kwangu, lakini safari hii ni kweli.

Utajiuliza kwa nini nimeandika kwa mkono wakati simu ninayo. Wiki hii nimekupigia mara nne, na kila ukipokea najikuta nauliza habari za mvua. Nimeshindwa, dada. Kwenye simu una sauti ya mama kabisa, na mimi nageuka mtoto.

Nianzie kazini, maana yote yametoka huko. Jengo letu unalijua: redio chini, televisheni ghorofa ya kwanza, na sisi wa mtandaoni tumebanwa juu kabisa, kwenye chumba kilichokuwa stoo ya kanda. Zamani kila idara ilikuwa na habari zake na ugomvi wake. Tangu mwaka jana tuna mfumo mmoja. Mhariri wa zamu akiandika habari na kubonyeza, inaingia kwenye tovuti na kwenye simu za watu, inatokea kwenye skrini ya msomaji wa redio, na inapita kwenye ule mstari wa maandishi chini ya picha ya televisheni, vyote kwa mpigo. Kwa kituo cha umma cha mkoa chenye watu wa kuhesabika kama sisi, kwa kweli mfumo huo umetusaidia.

Ndani ya mfumo huo kuna folda tunayoiita friji. Humo tunahifadhi taarifa za vifo vya watu mashuhuri wa mkoa ambao bado wako hai. Usikunje uso, vyombo vingi vya habari vinafanya hivyo, ili mtu akifariki tusianze kuhangaika kutafuta alizaliwa mwaka gani. Mama alipolazwa, mhariri mkuu aliniita ofisini kwake. Akasema kwa upole kwamba Mama Saa Saba si mama yangu peke yangu, kwamba sauti iliyosoma habari za saa saba mchana miaka yote ile ni ya mkoa mzima, na afadhali niandike mimi kuliko mtu asiyemjua. Nikakubali. Niliandika taarifa ya kifo cha mama yetu akiwa kitanda namba sita, anapumua, na nilipomaliza nikampelekea uji. Hili sikukuambia.

Friji ina kufuli yake. Taarifa haitoki mpaka ujaze nafasi mbili na kuweka saini yako: uthibitisho wa kwanza kutoka hospitali au polisi, uthibitisho wa pili kutoka kwa mtu wa familia. Utaratibu huo aliuleta mama mwenyewe enzi zake, baada ya redio kumtangaza marehemu mwalimu mmoja aliyekuwa safarini tu. Alikuwa mkali mno kwa hilo. Watangazaji wote aliowafundisha wanalijua kama wanavyojua majina yao.

Siku yenyewe unaijua kwa upande wako. Ulikuwa darasani unasahihisha madaftari, simu ikatetema, ukaisoma ile taarifa ya kifo cha mama mpaka mwisho, na wanafunzi ndio waliokimbia kumwita mwalimu mkuu. Tulikanusha baada ya dakika arobaini, lakini ulisema huamini tena neno la redio yoyote mpaka umwone kwa macho yako. Ukasafiri siku nzima na nusu. Ukaingia wodini macho yamevimba, ukamkuta anamenya chungwa, na akakuuliza ni nani amebaki na darasa lako.

Yeye alishayasikia yote. Manesi walikuwa wamefungulia redio mezani kwao, na habari za saa saba zikamtangaza marehemu kwa sauti ya binti aliyemfundisha mwenyewe. Aliwachekesha wodi nzima. Alisema binti kasoma vizuri ila kakimbia mwishoni, na kwamba aliyeandika kamwibia miaka miwili ya kazi. Lakini tulipobaki wawili, aliniuliza kwa utulivu ni nani alijaza nafasi ya pili. Nikamwambia haikujazwa, ni mitambo. Akasema haya. Haya tu, akageukia ukutani, na mimi nikajitia kutafuta kijiko.

Wewe nawe ulinishika mabega ukaniuliza imekuwaje. Nikakujibu mkavu wa macho kwamba fundi mitambo alikuwa anahamisha mafaili kwenye mashine mpya, na taarifa ikaruka yenyewe. Ndivyo kituo kilivyowaambia wasikilizaji pia: hitilafu ya kiufundi. Ukawaka, na ulikuwa na haki. Ukaandika barua ya kurasa mbili kwa bodi, ukidai yule fundi afukuzwe kazi, kwamba mtu anayecheza na roho za watu hastahili kukabidhiwa hata swichi ya taa. Ukanipa niipitie kwa kuwa mimi ndiye mtu wa maneno. Nikaipitia, dada. Nikakurekebishia sentensi mbili ili ziume zaidi. Nikaibeba mwenyewe mpaka masjala.

Huyo fundi sisi tunamwita Waya, kwa wembamba wake. Amesimamishwa kazi tangu wakati ule, na Alhamisi ya wiki ijayo atakaa mbele ya kamati ya nidhamu. Ushahidi mkubwa walio nao ni barua yako.

Sasa nisikilize, na kama umesimama, kaa. Hakuna mtambo ulioharibika. Ni mimi.

Saa saba kasorobo siku ile, nikiwa mhariri wa zamu, nilipiga simu wodini kuuliza hali ya mama. Aliyepokea akauliza namba ya kitanda, nikasema sita. Akasema pole sana kaka, wa kitanda cha sita ametutoka asubuhi hii. Sikuuliza jina. Sikujua kwamba mama alikuwa amelalamikia feni mpaka wakamhamishia dirishani, na kitanda chake akalazwa bibi mwingine. Kutoka kituoni mpaka hospitali ni dakika ishirini kwa miguu. Mtu aliyefiwa na mama yake angekimbia. Mimi nilirudi kwenye kiti. Kwenye nafasi ya kwanza nikaandika hospitali kwa simu. Kwenye ya pili, mtu wa familia, nikaandika mtoto wa marehemu. Nikaweka saini, nikabonyeza. Wewe nilijiambia nitakupigia baada ya kubonyeza.

Ningeweza kusingizia majonzi, na najua ungenisamehe. Lakini sikuwa nimelia bado. Ukweli unaonichoma ni kwamba niliipenda ile taarifa. Majuma matatu nilikuwa naifungua kila siku, naondoa neno hapa, naongeza pale. Sijawahi kuandika kitu kizuri kama kile, na niliposikia kituo cha jirani kina mtu wake pale hospitali, nikaogopa wengine watamtangaza mama kwanza na kazi yangu isisomwe. Ndicho nilichokiwaza, dada, nikidhani mama yangu ni maiti. Nimekosa pa kuuficha uso huu.

Waya alijua tangu siku ya kwanza, maana kila kinachobonyezwa kinabaki kwenye kumbukumbu ya mfumo, na anayeifungua ni fundi peke yake. Alinivuta pembeni kwenye ngazi, akaniambia anajua nina mgonjwa, atakaa kimya mpaka mama atoke hospitali, halafu nitasema mwenyewe kiume. Mama ametoka hospitali wiki ya tano hii. Juma lililopita nikapiga moyo konde nikaenda kwake kumwambia nakwenda kusema. Hakuwepo, ameanza kutengeneza pasi na redio mbovu za watu mtaani. Mkewe akanikaribisha, akaniwekea chai, akanishukuru kwamba katika ofisi nzima ni mimi pekee niliyekwenda kuwajulia hali. Nikainywa ile chai mpaka ikaisha. Nikaaga.

Jumapili nikamwambia mama. Nilitegemea makofi, na laiti angenipiga. Alisema alijua tangu siku ile wodini. Nafasi mbili zile aliziweka yeye, na familia yake ni watu wawili, mmoja alikuwa darasani. Alikuwa anangoja niseme, akasema, na kungoja huko kumemchosha kuliko ugonjwa. Kisha akaniomba nimsomee ile taarifa. Nilifika sentensi ya pili nikashindwa, akanichukulia simu mkononi akaimalizia mwenyewe kimoyomoyo, polepole.

Jumatatu nikapeleka maelezo yangu kwa mhariri mkuu, ukurasa mmoja. Alisoma, akafunga mlango. Akasema tumeshautangazia umma kwamba ni mitambo, na kubadili kauli sasa ni kukivua nguo kituo kizima. Fundi atapata kazi popote, mimi nina mama wa kutunza. Akanirudishia karatasi, akasema niende nikatulie. Nilipouliza kamati itasoma nini Alhamisi, akasema itasoma kilichopo kwenye faili, na kwenye faili kuna barua yako.

Ndiyo maana nakuandikia. Maelezo yangu wanaweza kuyakalia, mimi ni mtu wao. Barua ya mlalamikaji inapigwa muhuri masjala na lazima isomwe. Andika nyingine, dada. Usinionee huruma na usinitetee. Sema ya kwanza uliiandika kwa kudanganywa, na umtaje aliyekudanganya. Nakala ya maelezo yangu nimeiweka humu, iambatishe. Itume kwa basi ifike kabla ya Alhamisi, nitaipeleka masjala mwenyewe, na nitakayemkabidhi risiti yake ni Waya, nikimwomba radhi.

Nisalimie shemeji na watoto. Mwambie yule mwenye mdomo kwamba mjomba anamkumbuka, mengine utamweleza akikua. Mama anakusalimu, yuko hapa kando yangu, ameshasoma kurasa zote na hakurekebisha kitu.

Kwenye barua yako usiniandike mdogo wangu. Andika majina yangu yote matatu, kama yalivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, wasije wakasema ulikuwa na maana ya mtu mwingine.

Ni mimi,
Mdogo wako