Kifuko cha Ngozi cha Krimpa Isiyo Yangu

Ruiru, Jumapili, Julai 1994

Baridi ya leo haina adabu. Tangu asubuhi ni manyunyu yale ya mwezi wa saba, hayanyeshi na hayaachi. Mama Shiku ameenda kanisani na watoto. Mimi nimebaki na jiko la makaa, chai ya tangawizi, na hili daftari.

Niandike mara moja kabla sijaanza mizaha: nina wivu.

Si wivu wa mwanamke. Huo naujua, niliugua Mombasa nikapona. Huu ni wivu wa koleo. Mwanamume mzima, baba wa watoto watatu, fundi wa stima wa miaka kumi na moja katika kiwanda cha biskuti Thika, nakosa hamu ya chai kwa sababu ya chuma chenye mikono miekundu ambacho kiko mfukoni mwa mtu mwingine.

Nieleze vizuri, maana daftari halijui stima. Ukitaka kufunga waya kwenye mota, kwanza unamenya ile plastiki ya juu mpaka shaba ionekane. Halafu shaba unaivalisha kichwa kidogo chenye tundu, sisi tunakiita lagi, na unakibana mpaka kishike kama ndoa ya kanisani. Mzee Ramadhani, aliyekuwa mkuu wetu wa mafundi, alikuwa na koleo mbili za kazi hiyo: stripa ya kumenya na krimpa ya kubana. Sisi wengine tulikuwa na plaisi, koleo ya kawaida ya kila kazi, na Mungu.

Mimi nilikuwa na meno pia. Sioni aibu kuandika: kutoka Thika mpaka Ruiru hakuna mtu anayemenya waya kwa meno kama mimi. Nauma, nazungusha, navuta, natema, na shaba inabaki inang'aa. Darasa niliishia la saba, na nusu yake niliisikilizia dirishani kwa sababu ya karo, lakini hili sikufundishwa na mwalimu. Siri ni pengo langu la mbele, nililopewa na chupa huko Kampala. Au na mlango, inategemea nani anauliza. Waya unaingia hapo kama umepimiwa. Akina mama wa idara ya pakiti walikuwa wanakuja kunitazama saa ya chai. Nimeishi vizuri, siwezi kulalamika.

Basi mzee aliposema atastaafu mwisho wa mwezi wa sita, nilijua krimpa ni yangu, na ile nafasi yake ya ukuu pia. Sikujua tu, nilitangaza. Nilitangaza kiwandani, nikatangaza hapa Ruiru kwa hoteli ya mandazi, nikamwambia hata pasta. Siku moja mzee akiwa ameenda kuswali adhuhuri, nilichukua kamba nikapima krimpa yake, urefu na upana, nikapeleka ile kamba kwa fundi viatu. Akanishonea kifuko cha ngozi cha kuvaa kwa mshipi, chenye kifungo cha shaba. Kazi safi.

Siku ya kuaga, mzee alitoa koleo zake zote mbili zikiwa zimefungwa kwa kitambaa cheupe. Mimi nimesimama mbele kabisa, kifuko kiko kiunoni, kifungo nimeshafungua tayari.

Akamkabidhi Wambui.

Wambui ni msichana aliyetoka poli, chuo cha ufundi, juzi tu, hata ile miezi mitatu ya kujaribiwa hajamaliza. Haongei sana. Hajafika hata Nakuru. Nilipiga makofi kuliko watu wote, nikafunga kifungo changu polepole. Tangu siku hiyo ndani ya kifuko naweka kitana.

Na mbaya zaidi ni kwamba anajua kazi. Anamenya waya kama mtu anayemenya kiazi kilichochemshwa, ganda linatoka zima, shaba haina hata mkwaruzo. Akishabana, anavuta. Hiyo ilikuwa sheria ya mzee kwetu sote: lagi ukiibana, ivute mara tatu. Ya kwanza ni ya tajiri, ya pili ni ya yule atakayeshika mashine, ya tatu ni ya Mungu. Wambui anavuta zote tatu hata kama hakuna anayemwona. Mimi huvuta ile ya tajiri, tena tajiri akiwa amesimama hapo.

Akina mama wa pakiti wakahamia kwake. Mmoja akaniambia kwamba sasa meno yangu niyatumie kula biskuti zilizovunjika. Nilicheka kuliko wote. Ukiona nimecheka kuliko wote, jua imeingia.

Sasa Ijumaa.

Saa ya chakula, Kariuki, supavaiza wetu, aliniambia nibadilishe waya mmoja uliochakaa kwenye mota ya mashine ya kukanda unga. Wambui alikuwa ameenda kula. Koleo zake zilikuwa juu ya meza ya kazi. Nilitazama huku, nikatazama kule, nikachukua krimpa. Ilikaa mkononi kama tulizaliwa tumbo moja.

Stripa niliiacha pale pale. Kiburi. Nilijiambia shaba nitaitoa kwa meno, ili hata kama ni mimi na ukuta tu, ukuta ujue chuma ni cha kusaidia, ufundi ni wa mtu. Nikauma, nikatema, nikavalisha lagi, nikabana. Krak. Sauti tamu hiyo. Lagi ikabaki na vile vishimo viwili vidogo ambavyo krimpa huacha, vimepangana kama macho ya mtoto. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri hivyo.

Halafu nikasikia hatua zake. Nikafunga kisanduku cha mota, nikarudisha krimpa mezani, nikaanza kupiga mluzi.

Sikuvuta. Hata ile ya tajiri sikuvuta.

Jana asubuhi, mashine ikiwa imejaa unga, mota ilianza kunguruma bila kuzunguka. Harufu ya plastiki inayoungua ikafunika harufu ya biskuti. Kariuki akazima stima, akafungua kisanduku, akagusa waya, na lagi ikamwachia mkononi kama jino la mtoto. Nilielewa kabla yeye hajaelewa. Nilikuwa nimemenya kidogo sana. Krimpa ilibana plastiki, shaba ikaguswa tu kwa salamu.

Hakuna aliyenitazama mimi. Lagi zangu zinajulikana, mimi hubana kwa plaisi mpaka ziwe bapa kama ndala iliyokanyagwa na ng'ombe. Hii ilikuwa na vishimo viwili, na krimpa kiwandani ni moja tu. Kariuki alimwita Wambui mbele ya watu, akamwambia unga wote ule utamwagwa, na Jumatatu afike ofisini, kwa sababu yeye hawezi kusaini karatasi za kumwajiri mtu wa kazi kama hiyo.

Wambui alichukua kile kipande cha waya, akakigeuza. Nikaona macho yake yamesimama. Chini ya lagi, kwenye plastiki, kulikuwa na alama za meno. Mbili huku, mbili huku, na katikati hakuna kitu.

Pengo langu.

Aliinua macho akanitazama mimi, mimi peke yangu. Kisha akafunga kiganja.

"Alama ni ya koleo yangu," akamwambia Kariuki. "Sina la kuongeza."

Heri angepiga kelele. Heri angenitukana kwa Kikuyu, mama yangu na nyanya yangu pamoja. Lakini kunyamaza? Daftari, nilisimama pale mwenye makosa, na bado nikamwonea wivu kwa jinsi anavyonyamaza. Mimi siri ya mtu hainikai hata kwa muda wa chai kupoa.

Na sasa andika ukweli, wewe mkono.

Nilikaa kimya. Muda wa mtu kufunga kamba za viatu vyake vyote viwili. Na katika muda huo niliwaza hivi: akifukuzwa, krimpa itabaki, na kifuko kiko tayari. Niliwaza hivyo, neno kwa neno. Mimi, ambaye nikinunua mandazi hula nusu nusu na kila mtu.

Kilichoniamsha ni kitambaa. Wambui alikuwa amekitoa, kile kile cheupe cha mzee, na ameanza kufungia koleo zake taratibu, kama mtu anayejiandaa kurudisha kitu cha wenyewe.

Mambo mazito sijui kuyasema. Yanataka mtu aliyesoma. Kwa hiyo nilimwendea, nikamfungua kiganja, nikachukua ule waya, nikauweka mdomoni mbele ya idara nzima. Ukaingia kwenye pengo kama ufunguo kwa kufuli lake. Nikamgeukia Kariuki, lagi inaning'inia nje kama mkia wa panya.

"Kazi ni yangu," nikasema na waya mdomoni. "Koleo niliiba tu saa ya chakula."

Akina mama wa pakiti wakacheka mpaka wakashikana mabega. Ni mzaha wangu uliofaulu kuliko yote maishani, na sikuupenda.

Kariuki hakucheka. Amenitoa kwenye mashine mpaka mwezi wa nane uishe, nibadilishe balbu na kupanga stoo ya waya. Karatasi za Wambui atasaini. Ile nafasi ya mzee niliyowatangazia watu, nisahau, na nimeambiwa nisahau kwa sauti ambayo hata Ruiru walisikia.

Kabla ya kutoka saa saba, Wambui alikuja stoo na kipande cha waya, lagi moja, na koleo zote mbili.

"Baba Shiku," akasema, "menya hii. Kwa stripa, si meno."

Nikamenya. Ganda likatoka zima. Nikabana. Akangoja. Nikavuta ya tajiri, nikavuta ya anayeshika mashine. Nilipofika ya tatu mkono ulikuwa mzito, sijui kwa nini, ni kipande cha waya tu kisichoenda popote. Nikavuta. Ikashika.

"Ungeniomba tu," akasema. "Ningekupa."

Akaenda zake. Hiyo ndiyo imenizuia chai tangu asubuhi. Si balbu, si ukuu. Kumbe ilikuwa kitu cha kuombwa, na mimi nimezunguka dunia, Mombasa, Arusha, Kampala, nikijua maneno ya kuombea kila kitu isipokuwa hicho.

Bado nina wivu. Nisidanganye daftari siku ya Bwana. Nikifumba macho bado naisikia ile krak.

Lakini kifuko kiko hapa mezani. Nimetoa kitana. Nimekipaka kiwi ya viatu kikang'aa mpaka nikaona uso wangu, pengo na yote. Kilishonwa kwa kipimo cha krimpa ile, hakuna kitu kingine duniani kitakachokaa ndani yake sawasawa. Mimi nimebeba nyumba ya mtu mwingine kiunoni wiki zote hizi.

Kesho nitampelekea. Swali ni moja tu. Nitampa mbele ya watu, na kahotuba kadogo, nipigiwe makofi? Najijua, hotuba nimeshaianza kichwani, na ina mahali pa watu kucheka.

Ama nitakiacha juu ya meza yake saa ya chakula, saa ile ile niliyochukua koleo, bila mtu kuniona?

Saa ya chakula. Nimeandika, siwezi kufuta, kalamu ni ya wino. Nitakiweka pale, nitafunga kile kifungo cha shaba, na kabla sijaondoka nitakivuta mara tatu nione kama kimeshika.