Punje Nisiyoing'ata

Mjukuu wangu Tumaini,

Sisi huku Rujewa hatujambo. Babu yako anakusalimu sana huko Iringa. Unauliza kwa nini bado natolewa damu ya vipimo hospitalini wakati macho yangu hayana manjano tena.

Nikiwa msichana, niliona mpunga wetu umekauka juani, nikaukimbiza mashineni. Mchele ukatoka chenga tupu! Mama akaniuliza, "Uliutazama tu, au uling'ata punje?" Sikung'ata. Ndani ulikuwa bado una maji.

Ini langu nalo hushambuliwa kimyakimya na kinga ya mwili wangu mwenyewe, huku nje najiona mzima. Damu ndiyo inayosema. Na jana imesema: vimeng'enya vya ini vimeshuka, viko sawasawa! Nikapiga vigelegele mpaka wauguzi wakaja mbio.

Njoo likizo. Mpunga uko juani, na punje nang'ata mwenyewe.

Bibi yako