Maziwa Hayaandikwi Kwenye Cheti

Ijumaa, baada ya Alasiri. Nje joto linakausha nguo kabla sijabana kibanio cha pili. Ndani kiyoyozi cha mwanangu Rashid kimenifanya nijitande shuka kama mgonjwa. Siumwi. Leo moyo wangu mweupe.

Tangu Jumanne sikusema kitu humu kwenye ukurasa wangu. Mnaosoma mnajua, mie skuli sikuingia hata siku moja. Nasema, mjukuu wangu Salma anaandika. Basi nilikuwa na jambo ambalo sikuweza kulipitisha kwenye mikono yake, maana lilikuwa linamhusu yeye.

Salma kaposwa. Kijana anaitwa Hamad, anapakia mizigo ya ndege, anakaa mtaa wa pili hapahapa Qusais, Dubai, na kwao ni kijijini kwetu hasa, Wilaya ya Kusini, Unguja. Siku ya posa nilipiga vigelegele mpaka jirani akafungua mlango kutazama kama pana moto.

Salma akataka kuuchora ukoo, wetu na wa Hamad, autundike ukutani siku ya harusi. Kazi hiyo nimeipenda! Mie nataja, yeye anaandika, na nikikwama tunampigia dada yangu Mize aliyebaki kijijini. Mize anatoka na simu mkononi, nyumba kwa nyumba, anauliza huyu kazaa nani na yule kazaliwa na nani. Tumewapata wazee ambao hata marehemu mama hakuwahi kunitajia.

Jumanne tukafika upande wa Hamad. Nikauliza, mamake nani? Salma akasoma kwenye simu: Zuhura binti Pandu, marehemu.

Nikamwambia funga, nimechoka.

Sikuchoka. Niliogopa.

Zuhura alikuwa jirani yetu kijijini. Mwaka niliokwenda kwetu na Abdalla, mwanangu wa mwisho, akiwa na miezi minane, Zuhura alijifungua mtoto wa kiume, kisha homa ikamlaza. Maziwa yakakatika. Mtoto analia mpaka sauti inamwisha, na mie kifua kimejaa. Nikamchukua. Abdalla ziwa la kulia, yeye la kushoto, siku tano, usiku na mchana. Sikumuuliza mtu. Mtoto ana njaa, unauliza nini?

Siku ya sita nikapanda ndege kurudi Dubai. Jina la mtoto kwetu hutolewa siku ya saba. Kwa hivyo nilimnyonyesha mtu asiye na jina, nikaondoka, maisha yakanichukua.

Sasa dini yetu inasema, uliyemnyonyesha mara tano akashiba, huyo mwanao. Watoto wako ni nduguze. Ikiwa yule mtoto ni Hamad, basi ni ndugu wa Rashid, na Salma ni binti wa Rashid. Ami haoi mtoto wa nduguye. Khalas, hakuna harusi.

Nakiri, nilifikiria kunyamaza. Zuhura kafa. Anayejua ni mie na Mungu, na huyo wa pili ndiye aliyeninyima usingizi.

Zuhura alikuwa na watoto wawili wa kiume waliofuatana, Makame na Hamad. Yupi? Vyeti havikusaidia. Baba yao aliwachukulia siku moja walipoanza skuli, akawakisia umri, na kwa hesabu ya vyeti hivyo wamepishana miezi mitano. Tumbo gani hilo!

Jumatano Salma mwenyewe akanijia. "Bibi, umenuna nini? Hata chai hunywi."

Nikamwambia yote. Akakaa chini, kichwa kwenye paja langu. Hakulia. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Mara ngapi, Bibi?"

"Siku tano, mama."

Kuhesabu anajua.

Ndipo nikakumbuka uzi. Yule mtoto alizaliwa na vidole sita mkono wa kushoto, kile cha sita kimening'inia kama kitufe, na mkunga alikuwa kakifunga uzi mweusi kidondoke chenyewe. Kila nikimnyonyesha alikuwa akinikwaruza kwa ule uzi.

Jana nikamwalika Hamad chakula cha mchana. Nikapika wali wa nazi na pweza, nikambebea mwenyewe birika la kunawia. Maskini, akadhani ni heshima. Nikaushika mkono wake wa kushoto nikausugua kama sufuria.

"Bibi, mkono msafi huo!"

"Nyamaza unawe."

Hapana kitu. Ngozi laini. Salma kasimama mlangoni na sinia, namwona roho inamrudi. Lakini mie sikuridhika, kovu la mtoto huweza kupotea. Sikutaka kumwoza mjukuu kwa labda.

Leo baada ya sala ya Ijumaa Mize akaenda karakana ya Makame. Ni fundi seremala, anatengeneza milango. Akatupigia simu ya picha, namwona Makame kajaa vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi.

"Mwonyeshe mkono wa kushoto," Mize akamwambia.

"Bi Mize, mie nina kazi. Mkono wangu una nini?"

"Onyesha, usinitie hasira!"

Akauleta karibu. Pembeni ya kidole cha mwisho, kovu dogo kama punje ya mtama.

"Hili?" akasema. "Nilizaliwa na vidole sita. Mama alikuwa akiniambia nilinyonyeshwa na mgeni kutoka Arabuni. Nikidhani ananitania."

Salma kaniangukia shingoni karibu anivunje. Mie machozi, kamasi, kila kitu.

"Mwanangu," nikamwambia, "mie mamako."

"Mama yangu kafa, bibi."

"Aliyekuzaa kafa, Mungu amrehemu. Aliyekunyonyesha yupo Dubai na hujamsalimia."

Msumeno wa mtu unasikika huko nyuma. Kisha akasema polepole, "Shikamoo, mama."

Marahaba, nikamwitikia. Mara tatu nimeitikia, moja haikutosha.

Nimempigia shehe kuhakikisha. Kasema alichonyonya Makame ni cha Makame, Hamad hakimgusi. Harusi ipo. Tena Salma anamcheka mchumba wake, maana kaka yake Hamad sasa ni ami yake Salma, na ami ataheshimiwa hata na bwana harusi.

Kwenye ule mti wa ukoo Salma kachora mstari kutoka kwa Makame mpaka kwangu, kauchora kwa vidoti. Nikamuuliza vidoti vya nini? Ati kwa sababu si wa damu. Nimemwambia avifute. Mstari mzima, kama wa Rashid. Kauchora upya mbele yangu.

Basi nimekaa hapa na shuka langu, nacheka peke yangu. Abdalla yuko kazini Hatta, hajui kitu. Miaka yote hii anadeka, ati yeye ndiye mziwanda wangu. Kesho nampigia nimwambie ana mdogo wake, fundi wa milango, na kwamba ziwa la kushoto halikuwa lake.